Gurudumu linalogonga: tafuta sababu kabla ya kuongeza nguvu

Mlio ulianza nikitoka Goma, mashariki mwa Kongo, nikiwa nimepita Mubambiro, Sake ikiwa karibu. Ko… ko… ko, polepole, kama mtu anayebisha mlango bila haraka. Nikadhani ni kijiwe kimeingia ndani ya kifuniko cha gurudumu, maana barabara ile haikosi mawe. Nilipoongeza mwendo mlio ulienda mbio nao, kisha ukapotea kabisa, na mimi nikatulia. Kumbe hapo ndipo nilipokosea. Konvuayeri wangu, yaani msaidizi wangu wa safari, ndiye aliyesema, "Papa, simama, nyuma kushoto kunacheza." Nati tatu kati ya tano zilizunguka kwa vidole.

Asubuhi ileile kwado mmoja, fundi wa tairi wa mtaa wa Ndosho hapo Goma, alikuwa ameziba tairi hilohilo. Nilimwona kwa macho yangu akipanda juu ya spana kwa miguu miwili na kujirusha. "Papa, hii haitatoka tena," aliniambia, na sikuwa na sababu ya kumbishia. Nati iliyokazwa kwa uzito wa kijana mzima ililegeaje hata kabla ya kilomita 20?

Ukitaka kujua, tazama wasukuma tshukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, wanavyofunga magunia ya viazi. Wanatumia kipande cha mpira wa tairi, wanauvuta hadi unakuwa mwembamba, ndipo wanafunga fundo. Mzigo haushikwi na fundo. Unashikwa na mpira uliovutika ambao unataka kurudi. Sasa weka nguo kuukuu chini ya mpira huo, halafu teremka kwenye mawe ya volkano. Baada ya mtikisiko kidogo nguo imebonyea, mpira umepata nafasi ya kurudi, gunia linateleza. Fundo ni lilelile, wala halijafunguka.

Boluti ya gurudumu ni huo mpira, ila wa chuma. Unapokaza nati, boluti inavutika sehemu ndogo sana ya milimita, na nguvu ya kutaka kurudi ndiyo inayobana rimu dhidi ya habu, kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Msuguano kati ya nyuso hizo mbili ndio unaobeba gari. Boluti hazikuwekwa pale zibebe uzito kama msumari unaobeba koti ukutani, na siku zikilazimishwa kufanya kazi hiyo hukatika moja baada ya nyingine. Kwa kuwa mvutiko wenyewe ni mdogo hivyo, tope jembamba kama karatasi likisagika kati ya rimu na habu linatosha kuumaliza.

Ndicho kilichotokea Ndosho. Kijana alilaza gurudumu kifudifudi kwenye vumbi jeusi la lava, akalinyanyua, akalirudisha kwenye gari bila kulifuta. Nguvu zake zote zilibana vumbi.

Gari linagonga: ko-ko-ko

Mlio unaofuata mzunguko wa gurudumu, unaosikika zaidi kwenye mwendo mdogo na wakati wa kuanza au kusimama, uchukulie kuwa ni nati mpaka uhakikishe vinginevyo. Kijiwe kilichonasa kwenye mistari ya tairi hulia kikavu, tik-tik, na hakikomi unapokimbia. Kiungo cha ekseli ya mbele kilichochoka hulia unapokata kona tu. Mlio wa nati zilizolegea una hila yake: gari likikimbia unaweza kufifia au kumezwa na kelele nyingine, kama ulivyonidanganya mimi, huku rimu ikiendelea kuchezea boluti.

Ondoa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki kwa ghafla, egesha pahali palipo sawa. Abiria washuke wakae mbali na gari, wala si upande wa chini wa mteremko: gurudumu likichomoka hufuata mteremko, na halichagui wa kumgonga. Weka jiwe mbele na nyuma ya tairi zima kabla ya kugusa jeki.

Usikaze na kuondoka tu. Toa gurudumu utazame matundu ya rimu. Yakiwa bado mviringo na meno ya boluti ni mazima, futa kila kitu, rudisha, kaza. Yakiwa yamekuwa marefu kama yai, au meno yamelala, rimu hiyo imekwisha kazi na boluti pia. Weka tairi la akiba. Zikikosekana nati, azima moja moja kutoka magurudumu mengine, kila moja libaki na nne kati ya tano, uende taratibu hadi kwa fundi wa karibu. Ni msaada wa njiani tu. Nimeona teksi iliyoishi hivyo miezi.

Usukani unatetemeka

Hapa wengi hupoteza pesa kwa kulipia balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, ambayo haikuhitajika. Mtetemo wa balansi una mwendo wake: unaanza, tuseme, kwenye kilomita 80 kwa saa, na ukipita 100 unapungua. Kesho utakuwa uleule, na wiki ijayo uleule. Mtetemo wa nati huzidi kadiri ya safari. Asubuhi haukuwapo, mchana upo, jioni usukani unakataa mkono. Na ukianza siku ileile tairi lilipofunguliwa, huna haja ya kuuliza mara mbili.

Kuna mtetemo wa tatu, unaosikika kwenye kanyagio la breki. Huo mara nyingi ni diski iliyopinda, na mojawapo ya sababu zake ni nati zilizokazwa bila usawa, moja imebana mno na jirani yake nusu.

Machozi ya kutu

Tazama rimu ya chuma kwa karibu. Ukiona mistari ya rangi ya kahawia inayotoka kwenye nati na kusambaa kuelekea nje kama miale, chuma kinasuguana na chuma na unga wake unashika kutu. Pembeni mwa nati utakuta pia duara linalong'aa, rangi ikiwa imelika. Hii ndiyo dalili ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa hujitokeza kabla ya mlio.

Mjini Goma vumbi ni jeusi, kwa hiyo machozi hayo yanaonekana haraka. Gari likitoka Masisi lina udongo mwekundu na unaweza kudanganyika. Lowesha kidole usugue: udongo unaondoka, kutu inabaki.

Nati zinalegea tena na tena

Umekaza Jumatatu, Alhamisi umekuta zimelegea, umekaza tena kwa bomba refu zaidi. Acha. Nati inayolegea mara ya pili inakuambia kuna kitu chini yake, na bomba refu litaua boluti tu.

Anza na nyuso zinazokutana. Uso wa nyuma wa rimu, uso wa habu au ngoma ya breki, na vile vikombe ambamo nati hukalia. Kutu inayobanduka, tope, mchanga, vyote vitoke kwa brashi ya waya na kitambaa kikavu. Rangi ni adui ambaye watu hawamshuku: rimu iliyopigwa rangi nene ili ipendeze, pamoja na vikombe vya nati na uso wa nyuma, italegea tu, kwa sababu rangi hubonyea kama ile nguo ya tshukudu. Kwangua rangi pale chuma kinapokutana na chuma, kwingine iache ing'ae.

Kisha tazama umbo la nati. Kuna nati zenye mdomo wa koni, zipo zenye mdomo wa mviringo kama mpira, na zipo za bapa zenye washa. Rimu nyingi za chuma za Toyota zinataka koni. Rimu zake nyingi za alumini zilitoka kiwandani na nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Magari yetu yanafika yakiwa yamepitia mikono mingi, Japani, Dubai, bandarini, na kila mkono umebadilisha kitu. Rimu ya alumini ya gari hili, nati za lile. Koni ikikalia pahali bapa inagusa ukingo mwembamba tu. Unahisi imekaza, lakini inagusa uzi wa chuma. Chomoa nati moja utazame alama yake: mguso mzuri unaacha mkanda mpana wa kung'aa kuzunguka mdomo wote. Kikionekana kimstari, au upande mmoja tu, hizo si zake.

Meno nayo. Boluti za Toyota, Honda na Mitsubishi nyingi ndogo ni M12, yaani unene wa milimita 12, zenye hatua ya milimita 1.5 kati ya jino na jino. Nissan, Subaru na Suzuki nyingi ni M12 pia, lakini hatua ni 1.25. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Nati ya Toyota ikiwekwa kwenye boluti ya Nissan huingia mizunguko miwili mitatu, kisha inakwama, na anayekaza anafurahi kuwa imebana vizuri. Haijabana rimu hata kidogo. Imebana meno ya boluti na kuyaharibu. Ndiyo maana nati lazima ianze kwa vidole, si kwa spana, na izunguke kwa vidole angalau mara sita au saba kabla ya kufika kwenye rimu. Ukinunua nati za mtumba mtaani Birere, nenda na moja ya zako mfukoni, uzifungie kwenye boluti ileile ulinganishe.

Boluti iliyowahi kuvutwa kupita kiasi haitashika tena. Weka rula ubavuni mwa meno yake: pahali ambapo meno yameachana au shingo imekuwa nyembamba, imekufa. Boluti mpya ni rahisi kuliko unavyodhani.

Spesa, vile vipande vya kusukuma gurudumu nje ili gari lionekane pana, nitazipita haraka. Kama barabara yako ni ya Sake au ya Masisi, zitoe.

Boluti imekatika

Moja ikikatika, jirani zake wawili, kulia na kushoto, walibeba mzigo wake. Badilisha zote tatu. Zikikatika mbili au zaidi kwenye gurudumu moja, badilisha zote. Najua fundi atakuambia hizo nyingine bado nzima. Zinaonekana nzima.

Nati haitoki

Imekazwa kupita kiasi, au ina kutu, au vyote. Hesabu ndogo: kijana wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya spana ya sentimita 35 anatoa nyutonimita 240 hivi, hicho kikiwa kipimo cha nguvu ya kukaza. Corolla inataka 103. Akijirusha, inazidi hapo, na akichomeka bomba la mita moja anakaribia 690. Kwa hiyo yule wa Ndosho alinifanyia makosa mawili kwa wakati mmoja: aliacha vumbi ndani, na akavuta boluti kupita kipimo. Nguvu nyingi haikufidia uchafu. Nilibadilisha boluti zote tano.

Mafuta na grisi watu huzitumia ili nati isishike kutu. Kwenye gari dogo, meno yabaki makavu na safi, kwa maana vipimo vya kiwanda vimehesabiwa hivyo. Ukipaka grisi, nguvu ileile ya mkono itaivuta boluti zaidi sana.

Nati zote zimekaza, lakini gurudumu linacheza

Sasa tumetoka kwenye nati. Ukisikia mngurumo unaopanda na mwendo na kubadilika unapokata kona, au ukigusa habu baada ya safari ukakuta ni ya moto kuliko wenzake, shuku beringi, ambazo mafundi wetu huziita rulema. Inua gurudumu, shika juu na chini, tikisa. Likicheza, mwenzako akanyage breki utikise tena; mchezo ukiisha, ni beringi. Zikisagika kabisa gurudumu huondoka na habu yake, nati zikiwa zimefungwa vizuri kama siku ya kwanza. Baada ya kubadilisha beringi hakikisha nati kubwa ya katikati imekazwa na pini yake imerudishwa. Pini ya zamani iliyonyooshwa usiitumie tena. Ni kipande cha chuma cha bei ya sambusa.

Habu yenyewe pia hupasuka. Tarehe 10 Januari 2002, wiki moja kabla ya volkano ya Nyiragongo kutuunguzia mji, lori la Mitsubishi Fuso huko Yokohama, Japani, lilichomokwa na gurudumu la mbele pamoja na kipande cha habu, likamuua mama aliyekuwa akitembea na watoto wake. Kiwanda kilisema ni matengenezo mabaya ya mwenye lori. Mwaka 2004 kikakubali kwamba habu ilikuwa na kasoro tangu ilipobuniwa. Fuso zimejaa huku kwetu na ni malori mazuri. Nataja habari hii kwa sababu fundi anayekuta gurudumu limetoka hukimbilia kumlaumu aliyekaza mwisho, na mara nyingine nyufa ziko kwenye habu. Ifute, tazama kwa tochi kuzunguka matundu ya boluti.

Malori, na upande wa kushoto

Malori mengi ya Kijapani yaliyotengenezwa kabla ya karibu 2010 yana boluti za kushoto zinazokaza kinyume, yaani zinafungwa kwa kuzungusha upande ambao kwa kawaida ni wa kufungua. Ncha ya boluti ina herufi L. Konvuayeri mgeni akiambiwa akaze magurudumu ya kushoto, anaweza kuyafungua yote kwa bidii na moyo safi. Viwanda vilifanya hivyo kwa sababu: ukisimama kando ya gari linalokwenda mbele, gurudumu la kushoto linazunguka upande uleule ambao nati ya kawaida hufungukia. Kwenye malori mapya boluti zote ni za kawaida, basi upande wa kushoto nyuma ndio wa kuukagua kwanza. Japani kwenyewe, magurudumu ya malori yanayochomoka mara nyingi ni ya kushoto nyuma.

Tairi mbili za nyuma za mfumo ule wa zamani zina nati mbili, moja ndani ya nyingine. Ya ndani inashika tairi la ndani, ya nje la nje. Ukikaza ya nje peke yake, hujui lolote kuhusu ya ndani. Legeza ya nje, kaza ya ndani, rudisha ya nje ukaze. Fanya hivyo kwa kuruka moja moja, nusu ya nati kwanza, kisha nusu iliyobaki, ili gurudumu lisikose kushikwa.

Kukaza kwenyewe

Gurudumu likiwa juu ya jeki, anza nati zote kwa vidole, kisha zisogeze kwa spana hadi rimu ikae katikati. Usifuate mzunguko kama anayehesabu watu kwenye foleni; ruka. Kwa nati tano: ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya pili, ya nne. Kwa nne au sita, kila moja ifuatwe na inayoitazama. Shusha gari tairi liguse chini, kisha kaza kwa kipimo kwa mpangilio uleule, mara mbili: nusu ya nguvu, halafu nguvu kamili.

Kipimo kiko kwenye kitabu cha gari. Corolla, RAV4 na Noah ni 103. Land Cruiser kubwa za boluti M14 ni 209 kwa rimu ya chuma lakini 131 kwa rimu ya alumini, kwa hiyo anayebadilisha rimu bila kubadilisha kipimo anakosea kwa upande mmoja au mwingine. Malori ya boluti M22 yanakaribia 600. Nimezitaja zote kwa nyutonimita.

Spana ya kipimo, ile ya dinamometriki, si kila kwado anayo. Ile mizani ya kuning'iniza ya wauza nyama inaweza kuifanya kazi hiyo. Funga ndoano yake kwenye ncha ya spana, vuta ukiwa umenyooka, spana na mizani vikifanya pembe mraba. Kwa spana ya sentimita 35, mizani ikisoma kilo 30 umefika 103. Kwa spana ya nusu mita ni kilo 21 tu. Land Cruiser ya rimu za chuma, kwa nusu mita, kilo 43. Mafundi walinicheka mara ya kwanza. Mmoja wao alikuja baadaye kuiazima, nami nikamuuliza ya nyama au ya gari.

Spana ya upepo ni ya kufungulia. Kukazia, mwisho uwe wa mkono.

Kisha kuna kurudia. Chuma na chuma vikikutana upya hulala kidogo, hata vikiwa safi, kwa hiyo nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwenda Sake na kurudi ni 50 hivi. Anayekwenda Rutshuru akifika ametimiza kama 70. Kabla ya kuagiza chai atoe spana. Ikiwa nati inasogea robo ya mzunguko au zaidi, au kila ukirudia inasogea tena, rudi juu kwenye yale ya tope, rangi na meno.

Mimi nina chupa ya rangi nyekundu ya kucha kwenye gari. Nikishakaza mara ya pili, nachora mstari mmoja unaovuka nati na kuendelea kwenye rimu. Nati ikisogea hata kidogo mstari unakatika, na konvuayeri anauona akiwa amesimama tu, bila kuinama, abiria wakiwa bado wanabishana nauli.